MCHANGO WA MATIBABU: NI KUSAIDIANA AU NI KUDHULUMIANA?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuponya, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: ni machache yaliyozusha maneno katika Kenya tangu mwaka 2023, barazani na sokoni, kama sharia mpya ya bima ya matibabu. Mmoja husema kuwa ni rehema kwa masikini. Wa pili husema kuwa ni kodi iliyovishwa kanzu ya rehema. Na wa tatu huikataa asili yake, akasema kwamba bima yote ni haramu, basi hapana haja ya kuuliza bei yake. Maneno haya yakichanganywa pamoja hayazai ila ugomvi. Yafaa yatenganishwe, kila moja lipewe haki yake, ili Muislamu ajue ni lipi analolilalamikia kwa haki na ni lipi analolilalamikia kwa uchoyo.

KHABARI YA SHARIA YENYEWE

Tangu mwaka 1966 Kenya ilikuwa na hazina ya bima ya hospitali, iliyojulikana kwa herufi NHIF. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2015, mwenye mshahara alikatwa baina ya shilingi 150 na shilingi 1,700 kwa mwezi, na asiye na mshahara alitoa shilingi 500 kwa mwezi. Viwango vile vilikuwa na aibu yake, kwani aliyepata shilingi 100,000 na aliyepata shilingi 500,000 walikatwa 1,700 sawasawa, na mchukuzi wa mkokoteni aliyejiunga alitoa 500 sawa na mwenye duka kubwa.

Mwezi wa Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi sharia mpya, na tarehe 1 Oktoba 2024 hazina mpya ikaanza kazi chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu huiita SHA. Kwa kanuni za mwaka 2024, mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi mia za mshahara wake wote, pasipo mpaka wa juu, wala hakatwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Basi mwenye mshahara wa 20,000, aliyekuwa akikatwa 750, akawa akatwa 550. Mwenye 100,000 akatoka katika 1,700 akaingia katika 2,750. Na mwenye 500,000 akapanda kutoka 1,700 hadi 13,750.

Ama asiye na mshahara, huyo huulizwa maswali juu ya hali ya nyumba yake na vitu alivyonavyo, ili lipimwe pato la nyumba nzima. Kisha hutakiwa fungu hilo hilo la 2.75 katika mia, nalo halipungui 300 kwa mwezi. Lakini kanuni ilimtaka atoe la mwaka mzima kwa mara moja na kwa kutanguliza, yaani shilingi 3,600 kwa uchache. Na masikini asiyejiweza kabisa, sharia imesema kuwa serikali ndiyo itakayomlipia.

Mambo haya hayakupita kwa amani. Julai 2024 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba sharia hii na mbili za wenziwe zimekhalifu Katiba, na miongoni mwa sababu zake ni kuwa raia hawakushauriwa ipasavyo. Septemba mwaka ule ule Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu ile, na kazi ikaendelea.

ASILI YAKE NI HALALI AU NI HARAMU?

Asemaye kwamba bima yote ni haramu amesikia neno la kweli kwa sikio moja. Mwaka 1985 Baraza la Fiq-hi la Kiislamu, lililokutana Jidda, lilikata kwamba bima ya biashara ni haramu. Sababu yake ni ule mghafala mkubwa uitwao gharari: mtu hununua kitu asichokijua kuwa atakipata au hatakipata, na tajiri wa kampuni hufaidi katika kutojua huko. Lakini baraza lile lile, katika mkutano ule ule, lilisema kwamba badali yake iliyo halali ni bima ya kushirikiana, iliyojengwa juu ya kutoa kwa hiari ya wema na juu ya kusaidiana. Na kabla ya hapo, mwaka 1965, wanavyuoni waliokutana Cairo walikuwa wamekwisha kuiona mipango ya serikali ya kuwalinda watu na shida kuwa katika mlango huo wa kusaidiana.

Basi suala si jina la bima. Suala ni hili: mali ile ni ya nani baada ya kutolewa? Ikiwa ni ya tajiri apataye faida kwa kuwa watu hawakuugua, hiyo ni biashara ya gharari. Ikiwa ni ya wachangaji wote, hukaa kama amana mpaka mmoja wao apatwe, hiyo ni njia ya Waash'ari wa Yemen, waliosifiwa na Mtume, rehema na amani zimfikie, katika khabari waliyoipokea Bukhari na Muslim. Chakula kilipowapungukia vitani au mjini Madina, walikikusanya chote walichonacho katika nguo moja, kisha wakakigawa sawasawa kwa chombo kimoja. Wala haikupokewa kwamba aliyeleta kingi alisimama kudai zaidi.

Hapo atasema msemaji: Waash'ari walitoa kwa khiari zao, na mchango huu hukatwa kwa nguvu, je, wema wa kulazimishwa ni wema? Suala hili ni kubwa, na jawabu lake limo katika vitabu visomwavyo misikitini pwani tangu zamani.

MFANO WA AKILA

Mtu akimuua mwenziwe kwa bahati mbaya, si kwa kusudi, sharia ya Kiislamu haimwachi muuaji peke yake na mzigo wa diya. Imewatwika akila, nao ni jamaa zake wa kiumeni, wachangie pamoja. Wao hawakuua wala hawakukosa, na hawaulizwi kama wapenda au hawapendi. Hivi ndivyo Uislamu ulivyothibitisha kwamba yako masaibu ambayo mtu mmoja hayawezi, na kwamba jamaa waweza kulazimishwa kumbebea mwenzao. Akila si bima ya maradhi, wala hapana asemaye kuwa ni kitu kimoja. Lakini avunjaye hoja ya kulazimisha kwa jumla ajue kwamba avunja na mlango huu.

Lakini na atazame pia mwenye kulazimisha, aone sharia ilivyofunga mikono yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, mzigo wa diya hiyo hugawanywa miaka mitatu. Tajiri hutoa nusu dinari kwa mwaka, na mtu wa kati hutoa robo dinari, na fakiri hatoi kitu. Mchango huchukuliwa mwisho wa mwaka, wala si mwanzo wake. Na ambaye mwaka ulipokwisha alikutwa amefilisika, mchango wa mwaka ule humwangukia, hadaiwi. Na akila wasipotimiza, Baitul-mali ndiyo hukamilisha.

Katika hukumu hizo mna mambo manne: kila mtu kwa uwezo wake, kila mtu kwa wakati anaoweza, dhaifu asamehewe, na hazina ya wote iwe nyuma ya wote. Hiyo ndiyo mizani. Kwa mizani hiyo na yapimwe malalamiko ya watu.

LALAMIKO LA MWENYE MSHAHARA MKUBWA

Mwenye mshahara mkubwa husema: "Nimekatwa mara nane ya nilivyokatwa zamani, na mwaka mzima sikuugua." Katika sehemu ya kwanza ya neno lake, mizani haimwungi mkono. Nusu dinari ya tajiri na robo dinari ya mtu wa kati ni ushahidi kwamba kutofautisha si dhulma. Na katika sehemu ya pili hakika amekosa, kwani kutougua ndiyo faida iliyo kubwa kuliko zote, nayo haikutoka katika hazina ya mtu yeyote. Aoneaye uchungu kwamba mali yake ilimtibu jirani naye hakuumwa, na aulize nafsi yake kama angependa kubadilishana na jirani yule.

Lakini anayo haki moja isiyokanushika, nayo ni hesabu. Atoaye kwa lazima ana haki kubwa ya kuonyeshwa mali yake ilipokwenda kuliko atoaye kwa khiari, kwani wa khiari akitilia shaka huzuia mkono wake, na wa lazima hana mkono wa kuzuia.

LALAMIKO LA ASIYE NA MSHAHARA

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Shilingi 3,600 kwa mwaka ni chini ya zile 6,000 zilizokuwa zikitolewa zamani, na kwa hesabu ya karatasi masikini amepunguziwa. Lakini nyumba haziendeshwi kwa hesabu ya karatasi. Mvuvi wa Lamu au wa Vanga hana mwaka wa sawasawa. Kaskazi hupata, na kusi bahari ikichafuka huvuta ngalawa pwani akala alichoweka, au akakopa. Mtu huyu kumwambia atoe ya miezi kumi na miwili kwa siku moja ni kumtaka atoe asichokuwa nacho kwa ajili ya maradhi ambayo hayajamfika, na hali watoto wana njaa iliyokwisha kuwafika. Mwenye mshahara hukatwa kidogo kidogo asihisi. Mwenye kibarua hutakiwa kwa pigo moja. Basi dhaifu amewekewa sharti gumu kuliko mwenye nguvu, na hili ni kinyume cha mizani ya akila kwa uso wake. Serikali yenyewe iliona jambo hili, na mwaka 2025 ikaleta mpango wa kumkopesha asiye na mshahara mchango wake, ailipe pole pole. Huo ni ushahidi kwamba lalamiko halikuwa la uvivu. Na bado yafaa kuuliza kwa nini fakiri aingizwe katika deni kwa jambo ambalo mwenye mshahara hakuingizwa katika deni.

Na jengine ni kipimo chenyewe. Nyumba ya mtu si ushahidi wa pato lake kila mara. Katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika Lamu wako watu wakaao katika nyumba za mawe walizojenga babu zao, na ndani yake hamna chakula cha siku mbili. Jiwe lile lasema utajiri wa marehemu, halisemi utajiri wa aliye hai. Kipimo kisichokuwa na mlango wa mtu kurudi kusema "mmenikosea" ni kipimo kisichotimia.

AMANA

Tena liko jambo ambalo likiharibika, yote yaliyotangulia huwa kazi bure. Hazina ya zamani iliziachia hospitali madeni. Na mwaka 2025 hospitali za binafsi zilisimamisha kuwapokea wagonjwa wa hazina mpya kwa sababu ya fedha walizodai. Mwaka huo huo Wizara ya Afya nayo ilizisimamisha hospitali kadhaa kwa tuhuma za kudai malipo ya matibabu ambayo hayakufanywa. Aandikaye kwamba mgonjwa alilazwa siku tano na hali alirudi kwake jioni hakuiibia serikali; amemwibia mjane aliyeuza kuku akalipa mchango. Mali ya wote ina wadai wengi, na siku ya Kiyama kila mmoja wao ni mdai.

YALIYO JUU YA MUISLAMU

Basi mwenye akili ameona kwamba nyumba isiyochanga haikuokoka na gharama. Imeiahirisha tu. Maradhi yajapo, huja na bili yake, na hapo huuzwa minazi, na shamba, na dhahabu ya mama, na kitabu cha harambee huzunguka msikitini kila Ijumaa mpaka nyuso za watu zikakunjamana. Nayo harambee ni mchango ule ule, ila umekuja kwa kuchelewa na kwa fedheha, na humfikia mwenye jamaa wengi ukampita mgeni asiye na mtu. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hakijazwi siku ya njaa.

Kwa hivyo yako juu ya Muislamu mambo matatu. La kwanza, aseme kweli aulizwapo juu ya pato lake. Ajifanyaye fakiri ili apunguziwe amekula haki ya fakiri wa kweli, hata kama aliyemdanganya ni karani wa serikali. La pili, alalamikie lililo na haki ya kulalamikiwa, kwa ushahidi na kwa adabu, mbele ya wabunge na mbele ya mahakama: mchango wa mwaka kwa mara moja, kipimo kisicho na marejeo, na hesabu isiyoonyeshwa. Asilivae lalamiko la masikini kama nguo ya kuazima ili afiche uchoyo wake. La tatu, asingoje sharia itengenee ndipo amwangalie jirani. Shilingi 3,600 ni fedha ambazo watu kumi wa baraza moja waweza kuzitoa kwa 360 kila mmoja, wakamlipia mjane na mayatima wake mwaka mzima. Wala mchango wa serikali si zaka, wala hauiondoi zaka juu ya mwenye nisabu.

Na juu ya mwenye kutawala liko moja tu: akumbuke kwamba aliyeruhusiwa kulazimisha amebebeshwa zaidi kuliko aliyelazimishwa. Akichukua kwa mwenye nguvu kwa kadiri ya nguvu zake, akamsubiri dhaifu mpaka apate, akamsamehe asiyeweza, na akaihifadhi mali ile asiiguse ila kwa mgonjwa, basi amesaidia, hata watu wakinung'unika. Akiacha moja katika hayo, amedhulumu kwa kadiri ya aliloliacha, hata watu wakinyamaza.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Waislamu na wa viumbe wote, na awape wenye amri uadilifu na wenye mali ukunjufu wa mikono. Amin.

Wallahu a'alam.