Kibao cha Karatasi

Kikundi chetu cha wakusanyaji stempu kina watu tisa, wengi wetu wastaafu. Kwa kuwa mimi nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilipewa kazi ya kutengeneza kibao cha kuweka mezani, karibu na mlango wa chumba tunachokutania.

Kazi yenyewe ni ndogo. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Ukiikunja katika sehemu nne sawa, kila moja hupata milimita 74 hivi. Mbili za katikati husimama kama paa la nyumba, na mbili za mwisho hupandana chini zikawa kitako. Nilipochapa mara ya kwanza, uso mmoja ulisimama vizuri, wa pili ukawa kichwa chini miguu juu. Nilisahau kwamba maandishi ya nyuso zote mbili lazima yaelekeze vichwa vyao kwenye mkunjo wa juu.

Kosa hilo nililirekebisha. La pili sikuliona. Chini ya jina la kikundi niliandika: "Mkutano wa Wanachama".

Jumamosi moja nilimkuta mlangoni aliyekuwa tarishi wetu chuoni, anageuka kuondoka.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Mbona unaondoka?"

"Nimesoma pale. Ni mkutano wa wanachama."

Kwapani alikuwa na daftari. Ndani yake mlikuwa na stempu alizobandua kwa miaka mingi kwenye bahasha nilizozitupa mimi. Nilimkaribisha, akasema atakuja siku nyingine. Hakuja.

Je, nilimkosea? Maneno yangu yalikuwa ya kweli, wala sikumkusudia ubaya. Lakini ndugu msomaji, aandikaye kibao huwa ameketi ndani, na akisomaye yuko nje. Uingereza ilitoa stempu ya kwanza ya kubandika mwaka 1840, na hadi leo stempu zake haziandikwi jina la nchi, ila huwa na alama ya mfalme au malkia. Aliyetangulia hudhani kila mtu anamjua.

Mtu atasema, basi andika "Karibuni wote", yaishe. Hilo nalo laweza kuwa uongo, ikiwa mgeni ataingia akute migongo. Kwa hiyo kabla ya kuchapa upya niliwauliza wenzangu kama kweli tunamtaka mgeni. Tulibishana kidogo, kisha tukakubaliana kuacha kiti kimoja wazi na kununua lenzi moja zaidi.

Sasa uso wa nje unasema: "Tunakusanya stempu. Karibu uketi." Ule unaotutazama sisi unauliza: "Nani yuko mlangoni?"

Kibao kimoja nilimpelekea tarishi wetu nyumbani kwake. Alivaa miwani, akakisoma pande zote mbili, akacheka. Sijui kama atakuja. Kiti kipo.