Dini Hulindwa kwa Nini?

Ndugu zetu, swali hili huulizwa sana: je, dini hulindwa kwa amri ya mtawala au kwa elimu ya wenyewe? Sisi twaona jawabu yake imo katika khabari za mapadri wa Kikatoliki katika Dola ya Uthmani.

Mwaka 1583 mapadri wa Kijesuiti walifika Istanbul, wakakaa Galata chini ya himaya ya balozi wa Ufaransa. Dola ilikataza kabisa kumtoa Muislamu katika dini yake. Basi mapadri hawakuugonga mlango uliofungwa. Waliwaendea Wakristo wa mashariki, Wagiriki na Waarmeni, wapate kuwavuta upande wa Roma. Wakasomesha watoto, na wakawazuru mateka wa Kikristo waliokuwamo gerezani.

Jamii yao ilivunjwa na Papa mwaka 1773, ikarudishwa mwaka 1814, na mwaka 1831 walirejea nchi ya Sham. Walifungua chuo Ghazir. Mwaka 1875 wakakihamishia Beirut kikawa chuo kikuu, na mwaka 1883 wakaongeza mafundisho ya utabibu. Walikuwa pia na mtambo wa kupiga chapa vitabu vya Kiarabu. Kamusi ya Al-Munjid, ambayo hata leo wanafunzi wa Kiislamu huifungua kutafuta maana ya neno, iliandikwa na padri wao, Louis Maalouf, ikatolewa mwaka 1908.

Hapa ndipo penye mazingatio. Amri ya Sultani iliwazuia kumbatiza Muislamu, lakini haikumpa Muislamu skuli wala kamusi. Mlinzi wa mlango ana kazi yake, lakini hawezi kuwashibisha waliomo ndani.

Huenda mtu akasema: watu hawa walikuwa na nguvu za Ufaransa nyuma yao. Ni kweli, wala hatukanushi. Mikataba ya dola iliwapa Wafaransa nafasi ya kuwahami mapadri, na kadiri dola ilivyodhoofika, himaya hiyo ilizidi kuwa njia ya kuingilia mambo ya nchi. Lakini balozi siye aliyekaa na watoto kuwafundisha herufi. Kazi hiyo ilifanywa na padri, kwa subira, miaka baada ya miaka.

Waislamu wa Beirut walilifahamu jambo hili. Mwaka 1878 Sheikh Abdulqadir Qabbani na wenziwe waliunda jumuiya ya Al-Maqasid. Jawabu yao kwa skuli za mapadri ilikuwa ni skuli, na ya kwanza waliyoifungua ilikuwa ya wasichana.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul-Maida tusiuache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Na uadilifu hapa ni kuyasema mawili pamoja: itikadi yao twaikataa, na bidii yao twaikiri. Mwenye kuikana bidii ya mpinzani wake hujinyima somo.

Basi mzazi amzuiaye mwanawe asiende skuli ya mapadri, kisha asimtafutie nyengine, asidhani kuwa amemlinda. Amemwacha mjinga, na mjinga hutekwa na yeyote atakayemjia na kitabu mkononi. Yatupasa tujiulize kila mmoja wetu: tumetoa nini katika mali zetu na wakati wetu kwa ajili ya elimu ya watoto wetu?

Wabillahi tawfiq.