Mgeni wa Ghorofani na Jembe Lake

Ajenda ya mwisho ya mkutano wa mtaa huitwa mengineyo, na humo ndimo watu huweka yale yanayowakera kwelikweli. Katika mitaa ya Arusha inayojaa, Kwa Mrombo ukiwa mmojawapo, mengineyo hayakosi habari za ujenzi. Fulani ameshusha nondo na kokoto. Watu walidhani anajenga nyumba ya familia, kumbe anapandisha ghorofa la vyumba vya kupanga. Wa kwanza anasimama: choo kitafurika, na sisi wa chini ndio tutakaoyapokea majitaka. Wa pili: maji yenyewe ni ya kuvizia, je, wakija watu arobaini? Wa tatu: madirisha ya juu yatachungulia uani kwangu, wanangu waogee wapi? Kisha anasimama mzee wa nne, anaweka fimbo yake sawa, na kusema lile ambalo wenzake wamelizunguka: “Mwenyekiti, hapa hatutaki wapangaji. Mpangaji hana kwao.”

Wote wanne wamekaa benchi moja na watanyoosha mkono pamoja. Lakini wale watatu na huyu mmoja hawasemi jambo moja, na mtaa usiojua kuwatofautisha huishia ama kumwonea mjenzi, ama kuwapuuza wenye haki.

Kipimo ni chepesi. Iulize hofu dawa yake ni nini. Hofu ya choo dawa yake ni karo lililochimbwa kwa hesabu ya watu watakaolitumia. Hofu ya maji dawa yake ni bomba na tangi. Hofu ya dirisha dawa yake ni fundi kulielekeza barabarani au kulipandisha juu ya usawa wa macho. Hizo ni hoja, na mwenye hoja hujibiwa. Hofu ya mzee wa nne haina dawa ila moja: mtu mwingine asiwepo. Hofu ya namna hiyo ni choyo, hata ikisemwa na mwenye mvi.

Tuanze na hilo la kutokuwa na kwao. Kwa Mrombo, upande huu wa Muriet, kusini mwa jiji, palikuwa mashamba na malisho kabla hapajawa mtaa. Jina lenyewe linamtaja mtu wa Rombo, yaani mtu aliyeshuka kutoka mlima mwingine, Kilimanjaro. Baada yake wamekuja Wapare, Wairaqw, Warangi, Wanyaturu, Wamasai, na Waarusha wenyewe waliobanwa na udogo wa ardhi ya mlimani. Mwenye nyumba wa leo ndiye mpangaji wa juzi, aliyeanza na chumba kimoja Unga Ltd au Ngarenaro, akanunua kiwanja kwa kudunduliza. Tena Desemba ikifika, mabasi ya kwenda Rombo yanajaa wenye nyumba na wapangaji bega kwa bega. Wote wana kwao, na kwao huko si hapa. Waswahili walionya mapema: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Na mtaa wenyewe unakula kwa sababu ya wingi wa watu. Kwa Mrombo panajulikana Arusha nzima kwa nyama choma. Mbuzi wananing’inia buchani, unachagua paja au mbavu, zinapimwa kwenye mzani, zinakwenda jikoni. Unakaa na soda yako hadi ubao utue mezani: nyama imekatwakatwa, chumvi pembeni, pilipili, ndizi za kuchoma. Jiko lile haliwaki kwa ajili ya familia kumi zenye nyumba za uwanja mpana. Linawashwa na fundi, bodaboda, mwalimu, mama wa mgahawa, na kijana wa utalii aliyerudi kutoka porini, watu ambao wengi wao wamepanga. Huwezi kumtaka mteja mezani na kumkataa kwenye ngazi.

Hesabu nazo zinasema. Sensa ya 2012 ilikuta watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ikakuta 617,631. Zaidi ya laki mbili wameongezeka ndani ya miaka 10, na kila mmoja analala mahali. Wachache wamelala juu. Wengi wamelala pembeni, kwenye mashamba ya mahindi na maharage yaliyokatwa viwanja, upande wa Muriet, Olmoti, Terrat, Olasiti na Moshono, mara nyingi viwanja vimeuzwa kabla ya barabara kufikiriwa. Matokeo yake tumeyaona katika zoezi la urasimishaji wa makazi: majirani wanaombwa kila mmoja amege hatua chache ili gari la wagonjwa lipite, na kila mmoja anasema aanze mwenzake. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Basi anayekataa ghorofa akidhani anaulinda mtaa usijae, ajue kwamba watu hawarudi walikotoka. Wanakwenda mbele kidogo, wanakata shamba jingine, na bomba, umeme na daladala vinawafuata kwa gharama yetu sote.

Watu husema maisha ya kubanana ni ya kizungu, kwamba mababu zetu waliishi kwa nafasi. Walioshuka kutoka milimani wanajua sivyo. Miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni kati ya sehemu za vijijini zilizobanana kuliko zote Tanzania, mamia ya watu kwa kilomita moja ya mraba, na haikuanza jana. Uchagani kihamba, yaani shamba la nyumbani, kiligawanywa kizazi hadi kizazi: mtoto wa kwanza alikuwa na fungu lake, wa mwisho akabaki na nyumba ya baba, wa katikati wakatafute. Ng’ombe alifungwa zizini akaletewa majani kwa sababu hapakuwa na pa kumwachia. Migomba ilifunika kahawa, na chini ya kahawa mkapandwa vingine. Yale yalikuwa maghorofa ya mimea, yaliyobuniwa na watu wasio na ardhi ya kuchezea.

Wingi ule haukuwaua kwa sababu ulikuwa na kanuni, na kanuni iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa ya maji. Mfongo, yaani mfereji unaochepushwa kutoka mtoni juu kabisa, hupita kwenye vihamba vya watu wengi kabla haujafika kwako. Aliye juu hana ruhusa ya kuuziba kwa sababu umepita kwake. Aliye chini naye hapati maji kwa huruma, anapata kwa zamu, na zamu ina sharti: siku ya kusafisha mfongo unafika na jembe. Asiyefika hutozwa faini. Palikuwa na wasimamizi wa kugawa zamu na kuamua magomvi. Swali kubwa kwa mwenye kihamba kipya halikuwa ni mgeni wa lini. Lilikuwa hili: jembe lake liko wapi?

Na mpakani palipandwa isale. Mmea ule ule uliomwambia jirani “ishia hapa” ndio uliobebwa na mkosaji alipokwenda kuomba msamaha, na aliyepelekewa isale alikuwa na kazi kubwa kukataa. Wale wazee waliishi kwa kubanana kiasi cha kujua kwamba penye mpaka pana ugomvi, na penye ugomvi lazima dawa iwe karibu. Mpaka na upatanisho waliviotesha kwenye shina moja.

Hapo ndipo methali ya mgeni inapopata uzito wake: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huisema kwa kicheko, kama njama ya kumfukuza mtu kwa adabu. Iangalie tena. Jembe ndilo linalomfanya mgeni awe mwenyeji. Unapompa mtu jembe umemkubali shambani, na umemwambia pia kwamba hatakula bure.

Jembe la ghorofa ni lipi? Kwanza, usalama wa jengo lenyewe. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo mchana kweupe, watu wakiwa madukani. Baada ya misiba hiyo, jirani anayetaka kuona kibali cha ujenzi, jina la mhandisi na la mkandarasi aliyesajiliwa haitwi mbea. Pili, maji machafu: karo la kipimo, mahali pa gari la majitaka kuingilia, na kuunganishwa na mtandao wa mamlaka ya maji pale unapofika. Tatu, maji safi, jambo zito katika mkoa ambao visima vingi vina madini ya floridi na meno ya watoto yanashuhudia. Nne, njia: mwenye ghorofa arudi nyuma ya mpaka wake kwa nafasi inayotakiwa, wala asigeuze uchochoro kuwa maegesho yake. Tano, apatikane mtu wa kujibu. Ghorofa ambalo mwenyewe yuko Dar na msimamizi hapokei simu ni kama mfongo usio na msimamizi.

Wenye kupinga wasikilizwe, kwa kuwa nchi hii ya Meru ina kumbukumbu ya kutosikilizwa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwatoa Wameru kwa nguvu Ngarenanyuki ili walowezi wapate ranchi, na nyumba zikachomwa moto. Mwaka uliofuata Japhet Kirilo alifika Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea watu wake. Ardhi haikurudi siku ile, lakini fundisho lilibaki: usimhamishe mtu wala usimtwishe mambo mazito bila kumpa nafasi ya kusema. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 nayo inamtaka anayebadili matumizi ya ardhi aombe ruhusa kwa mamlaka ya upangaji, haitoshi kuamka na ramani mkononi. Mjenzi anayekwepa mkutano wa mtaa anajipandia ugomvi, na wapangaji wake ndio watakaouvuna.

Lakini haki ya kusema ina mipaka, na historia hiyo hiyo inatuonyesha. Waliopanga miji ya Tanganyika chini ya Waingereza waligawa makazi kwa msongamano: mdogo Uzunguni, wa kati Uhindini, mkubwa kwa Waafrika. Viwanja vipana vyenye miti vilikuwa kizuizi, ukubwa wake wenyewe ukimzuia mtu wa kipato kidogo bila kuandika popote kwamba amezuiwa. Mzee wetu wa nne angeshtuka kuambiwa kwamba anairudisha desturi ile. Ndiyo anayoirudisha, ila sasa mlangoni amesimama Mwafrika akimzuia Mwafrika. Nairobi wanaivuta kamba hiyo miaka sasa, huko Kilimani na Kileleshwa, nyumba za familia moja zikipisha minara. Wakazi wanaolalamika kuhusu majitaka na maji wana hoja; wenye haja ya kutunza sura ya mtaa pekee wana jipya gani la kumwambia mlinzi anayetembea kwa miguu alfajiri kuja kufungua geti lao?

Ukitaka kujua Mtanzania anachukia nini hasa, tazama Magomeni Kota, Dar es Salaam. Kaya 644 ziliondolewa kwenye nyumba za zamani, zikahangaika miaka kwa miaka, na Machi 2022 Rais Samia akazindua maghorofa yaliyojengwa palepale kwa ajili yao. Kilio chao cha miaka yote hiyo kilikuwa cha kurudi, wala hawakusumbuliwa na ngazi. Zanzibar nako, baada ya Mapinduzi, wakazi wa Ng’ambo walivunjiwa nyumba zao kupisha majengo marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Aliyezoea kuketi barazani akisalimiana na wapita njia alijikuta juu, mbali na salamu. Anayejenga bila kuwauliza watu wanaishije atawapa paa na kuwanyang’anya ujirani.

Kwa hiyo, baba na mama wa Kwa Mrombo, msimpokee mjenzi kwa mawe, wala msimwachie njia wazi. Mwiteni na ramani yake. Mwandikieni masharti matano au sita, mtendaji na mwenyekiti washuhudie, na nakala ibaki ofisini. Wapangaji wakishaingia, waiteni mkutanoni, wapewe zamu ya usafi na kiti kwenye kamati ya ulinzi, maana asiye na jembe ndiye huwa mgeni milele. Nawe mwenye ghorofa, ukipitia mlango wa nyuma kwa mtu wa kibali, umeziba mfongo wa wenzako.

Na kumbukeni wale watoto wa katikati waliokosa kihamba. Ndio waliouanzisha mtaa huu. Leo viwanja vyetu ni vidogo kuliko vihamba vya babu zetu, na tuna watoto wa katikati wetu wenyewe, ambao hatutaweza kuwagawia ardhi. Tutakachoweza kuwaachia ni desturi ya kupokeana. Basi mjenzi akija, usimwulize anajenga ghorofa ngapi kabla hujamwuliza amechimba karo la watu wangapi. Akilijibu vizuri hili la pili, lile la kwanza si lako.