Kupambanua na Kubagua



Watoto wetu wanaosoma hapa Johannesburg hukutana na kitenzi cha Kiingereza kinachowachanganya: discriminate. Kamusi inawapa maana mbili. Ya kwanza ni kutambua tofauti kati ya kitu na kitu, na hiyo ni sifa ya mtu mwenye akili. Ya pili ni kumtendea mtu vibaya kwa sababu ya rangi, kabila au nchi yake. Mtoto ana haki ya kuuliza: neno moja linakuwaje sifa na tena dhambi?

Kiswahili nacho kina fumbo hilo. Tunasema kutofautisha, kubainisha, kuchambua, kupambanua, kutenga, kubagua. Leo neno kubagua linatisha, lakini katika Biblia yetu ya Union Version, Mathayo 25, ndilo linalotumika kwa mchungaji anayetenga kondoo na mbuzi. Na katika 1 Wakorintho 12, kupambanua roho ni karama. Basi kutenganisha peke yake si dhambi. Tujiulize linageuka dhambi wakati gani.

Sisi wauguzi hatuwezi kufanya kazi bila kutofautisha. Katika vyumba vya dharura vya nchi hii wagonjwa hupangwa kwa rangi. Mwekundu anahudumiwa mara moja, wa chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa 1, wa kijani ndani ya saa 4. Aliyefika wa kwanza anaweza kutibiwa wa mwisho, wala hajabaguliwa. Tunaangalia pumzi, mapigo ya moyo, presha, joto na fahamu, yaani mambo yanayohusu msaada anaouhitaji. Tena tunarudia kupima, kwa kuwa wa kijani anaweza kugeuka mwekundu.

Sasa tazama kipimo cha namna nyingine. Katika Waamuzi 12, watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani wakimwambia kila mpitaji atamke neno moja, Shibolethi. Aliyeshindwa kulitamka sawasawa aliuawa, na walioanguka walikuwa 42,000. Mei 2008, katika mitaa ya mkoa huu wa Gauteng, watu walisimamishwa na kuulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Waliokufa katika ghasia za mwezi ule walikuwa zaidi ya 60, na zaidi ya 20 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini. Jina la kiwiko halionyeshi nani mwizi na nani mwema. Kipimo hakikuhusiana na kosa lolote, na aliyekosea jibu hakupewa nafasi ya kupimwa tena. Sisi wa Malvern tunajua mambo haya yanafika wapi, maana Septemba 2019 tuliona magari yakiungua Jules Street.

Katiba ya nchi hii ya 1996 imeuona mpaka huo. Kifungu cha 9 kinakataza ubaguzi usio wa haki, na katika orodha yake kinataja rangi, asili, lugha na kuzaliwa. Kifungu cha 27 kinasema asiwepo mtu wa kunyimwa matibabu ya dharura. Hakikusema raia tu.

Lakini tusiishie kwa wengine. Msiba unapotokea kati yetu, swali la kwanza huwa lipi? Mara nyingi ni hili: "Huyu ni wa wapi? Wa Uvira au wa Bukavu? Mbembe, Mfuliiru, Mnyamulenge?" Mgeni akisalimu, tunasikiliza lafudhi kabla ya kusikia shida yake. Hapo tumesimama kwenye kivuko cha Yordani, ingawa mkononi hatuna upanga.

Wengine watasema: basi tusitazame tofauti kabisa, sote ni wamoja. Hilo nalo halitoshi. Katika Matendo 6, wajane waliosema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwanyamazisha kwa neno la umoja. Walikubali kwamba kundi moja linaumia, wakaagiza wachaguliwe watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Waliitazama tofauti ili aliyesahauliwa apate chakula.

Mfuko wetu wa msaada ni mdogo, hivyo kuchagua ni lazima. Basi, wazee na akina mama wa kamati, kabla ya kuamua tujiulize mambo matatu. Ninachokitazama kinahusu haja ya mtu huyu? Kumtofautisha kunamsaidia aliye na shida zaidi, au kunanilinda mimi na watu wangu? Na nikiwa nimekosea, niko tayari kupima tena?

Wazazi, zungumzeni maswali haya na watoto nyumbani wiki hii. Wao ndio wanaosikia mezani jinsi tunavyowataja jirani zetu.