Kujua Sababu Si Kuondosha Lawama

Vijana wetu waingiao vyuo vikuu husomeshwa elimu mbili ambazo wazee wengi hawazijui ila kwa majina: elimu ya jamii, yaani sosholojia, na elimu ya nafsi, yaani saikolojia. Wako waziogopao, wakisema kwamba zamfundisha kijana kutupia kila kosa malezi, umasikini au marafiki, hata asibakie mwenye kulaumiwa. Khofu hii si ya bure, na yastahili jawabu. Je, ajuaye sababu ya kitendo amemwondolea mtendaji lawama?

Kwanza, elimu hizi si ngeni kwetu kama zidhaniwavyo. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika Muqaddima yake mwaka 1377, akaeleza jinsi asabiyya, nayo ni mshikamano wa watu, isimamishavyo dola, na jinsi anasa iudhoofishavyo. Miaka 520 baadaye, mwaka 1897, Mfaransa Durkheim alionyesha kwa hesabu kwamba hata kujiua, jambo tulidhanialo kuwa la mtu na nafsi yake tu, huzidi pale watu walipolegeza mafungamano yao.

Ama khofu yenyewe, na tuipime kwa mfano usomeshwao mno. Mwaka 1961, katika chuo kikuu cha Yale, Marekani, mtaalamu Milgram alialika watu akawaambia kuwa achunguza namna ya kujifunza. Kila mmoja aliamrishwa kumtia mwenziwe umeme kila akosapo jawabu, akizidisha nguvu mpaka volti 450. Umeme haukumfikia mtu, na yule mwenzi alikuwa akiigiza; lakini mwalikwa hakujua. Katika watu 40 wa khabari iliyochapishwa mwaka 1963, 26 walifika mwisho, na wengi walitetemeka na kutoka jasho, lakini hawakuacha, kwa kuwa msimamizi aliwaambia waendelee.

Mwanafunzi asikiapo haya hukimbilia kusema: Basi mtu hana hiari, yeye ni bendera na bendera hufuata upepo. Hapa ndipo amana ya mwalimu. Yampasa asiwataje 26 akawasahau 14. Hao nao walikuwa katika chumba kile kile, chini ya amri ile ile, wakakataa. Hesabu ya kundi si hukumu juu ya mtu mmoja. Tena, katika jaribio jingine la Milgram huyo huyo, mwalikwa alipoona wenziwe wawili wakigoma, ni 4 tu katika 40 waliofika mwisho. Kumbe kukataa kwa mmoja humfungulia mwingine mlango. Twasema mjumbe hauawi, na ni kweli. Lakini mjumbe huchukua maneno, hachukui bakora.

Wala mwalimu asiliruke hili, kwamba watu wale walikhadaiwa. Kumchunguza binadamu hakuhalalishi kumdharau.

Basi kujua sababu hakupunguzi dhima, bali huizidisha. Nahodha ajuaye mwamba ulipo, akikipandisha chombo juu yake, lawama yake ni kubwa kuliko ya asiyejua. Wazazi wasiwazuie watoto wao elimu hizi. Warudipo likizo, wawaulize: Wewe, lau ungalikuwamo chumbani mle, ungalikuwa katika 26 au katika 14? Na hivi leo, wakubwa wakuamrishapo dhulma, u katika wepi?