Kukaguliwa si Kutuhumiwa

Watu wengi, na sisi walimu tumo, huona kuwa anayekaguliwa ameshatuhumiwa. Akiingia mkaguzi darasani, nyoyo hukunjana. Mfano ulionisaidia kulifikiri jambo hili haukutoka skuli. Umetoka angani.

Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu wanaanga huotesha saladi. Mavuno ya mwaka 2014 hawakuyaonja. Majani yaligandishwa, yakaletwa duniani kupimwa vijidudu. Agosti 2015 ndipo walipokula mavuno mengine, na hata hayo waliyapangusa kwanza. Uchunguzi uliochapishwa 2020 haukukuta salmonela katika saladi za miaka ile. Ulikuta bakteria wa namna nyingi wasiodhuru, kwani mmea hauishi peke yake. Kwa hivyo lengo si kuua kila kijidudu, bali ni kujua nani yumo.

Na haja ya kujua ipo. Mule ndani hewa ni moja, na hata mkojo husafishwa ukanywewa tena. Mwisho wa 2015 unyevu ulizidi, ukungu ukaishika miche ya maua ya zinia. Baadhi ikafa, mingine ikachanua Januari 2016.

Je, mkulima hutukanwa jani lake likipimwa? Sioni hivyo. Wanaokula naye ndio wanaoheshimiwa. Nasi tunaoishi Mji Mkongwe, ukuta kwa ukuta, uchafu wa mmoja wetu si siri yake peke yake.

Walakini ukaguzi una sharti lake. Pale Tunguu, hapa Unguja, Wamarekani waliweka kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyomfuatilia. Lakini wapo waliokishuku kituo kile kuwa cha kivita, na chama cha ZNP kilikipinga hadharani. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kikafungwa. Jicho linalomlinda mmoja, wengine wasipolielewa, huonekana jicho la hasidi.

Basi mwalimu mkuu akague madaftari, na bwana afya akague visima. Lakini anayekaguliwa aambiwe kinachotafutwa, aoneshwe kilichoonekana, na mkaguzi naye awe tayari kuyanywa maji ya kisima alichokipasisha.