Usingoje Kamba Ikazwe

Andiko: Zaburi 32:3-9, Matendo 26:14



Daudi anatuonya tusiwe kama farasi au nyumbu, ambao hawaji mpaka wavutwe kwa hatamu. Hapa kwetu farasi ni wachache, lakini punda tunawajua. Kule Longisa na Sigor ndio wanaobeba maji.

Mwangalie mtu anayejua kumfundisha punda mchanga. Hamchapi. Anamfunga kamba kichwani, anaivuta kidogo, kisha anatulia hapo hapo. Punda anakaza shingo. Kamba haiongezwi wala haiachwi. Mara anasogeza mguu mmoja. Papo hapo mwenyewe analegeza na kumpapasa shingo. Hapo ndipo punda anapojifunza: si kwa kuvutwa, ni kwa kulegezewa. Baada ya siku kadhaa, kuigusa kamba tu kunatosha. Lakini ukiachilia akiwa bado anagoma, umemfundisha kugoma. Na ukizidi kuvuta ameshatii, umemfundisha kwamba kutii hakuna faida.

Sasa rudi kwenye Zaburi. Mstari wa 4, Daudi amenyamaza na dhambi yake, na mkono wa Mungu unamlemea mchana na usiku. Mstari wa 5 anakiri, na anasamehewa. Mzigo ulitoka siku aliyosogea. Sauli naye aliambiwa kwamba anajiumiza kwa kuupiga mchokoo teke.

Nasema na wewe ambaye bonasi ya majani ya chai iliingia, na mama watoto mpaka leo hajui ilikuwa ngapi. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, wewe unaangalia pembeni. Ile hali ya kukosa usingizi si malaria, ndugu yangu. Ni kamba. Bado imevutwa kwa upole. Usingoje ikazwe!

Na ninyi mnaoshika kamba, wazazi, wanyapara, wazee wa kanisa: kijana akirudi na kusema, "Nimekosa," legezeni. Ukimkumbusha ya jana kila asubuhi, kesho hatarudi.

Wiki hii Mungu hakudai safari nzima. Anadai mguu mmoja. Kaa na mama watoto leo jioni, mwambie ukweli wa ile pesa, kisha muombe pamoja.

Bwana, utupe moyo unaosikia mguso wako mdogo. Amina.